Je, muziki wa opera humhukumu mwanamke anayewaponza wanaume?

Swali
Ndugu zangu, nimekuwa nikiisikiliza Carmen, opera ya Georges Bizet, mara kwa mara, na kuna jambo linanitatiza. Askari Don José anaponzwa na mapenzi hadi anapoteza kazi na heshima yake, lakini anayeuawa mwishoni ni mwanamke anayempenda, Carmen. Salome na Lulu, wanawake wa opera za Richard Strauss na Alban Berg zenye majina yao, nao wanauawa vivyo hivyo. Je, muziki wenyewe unawahukumu wanawake hawa, au unawatetea?

Jibu la kwanza
Carmen anatetewa, tena waziwazi. Katika Habanera, wimbo wake maarufu, sauti yake inateremka nusu toni kwa nusu toni juu ya mdundo wa besi usiobadilika, nasi tunavutwa vilevile anavyovutwa José. Kisha tazama onyesho la mwisho, nje ya uwanja wa mapambano ya fahali mjini Seville. Rafiki zake wamekwisha kumwonya aondoke, naye amekataa. Anamtupia José pete aliyompa na kumwambia kwamba alizaliwa huru na atakufa huru. Anachomwa kisu huku umati ulio ndani ukimshangilia Escamillo, mpiganaji wa fahali ambaye Carmen anampenda sasa, na sidhani kwamba mtunzi angeweka shangwe ile pale kama angetaka tuamini kuwa haki imetendeka.

Jibu la pili
Nakubali kuhusu Carmen, ila Dalila katika opera ya Saint-Saëns, Samson na Dalila, aliyeonekana jukwaani kwa mara ya kwanza mjini Weimar mwaka 1877, ni mtu wa namna nyingine kabisa. Anaikataa dhahabu ya kuhani mkuu kwa sababu anachotaka ni kisasi, kisha anamwimbia Samson wimbo wa mapenzi mtamu kuliko yote katika opera hiyo, na wote ni hila. Muziki haumtetei wala haumhukumu. Unatuhadaa sisi pamoja na Samson. Kwa Salome wa Strauss (Dresden, 1905), okestra inapanda naye hadi kileleni anapokibusu kichwa cha Yohana Mbatizaji, halafu mlio mkali wa kukwaruzana unaupasua utamu huo. Amri ya kumuua inatoka kwa Herode, na askari wanamponda kwa ngao zao.

Jibu la tatu
Ningeongeza jambo moja kuhusu Carmen: maneno ya mwisho ya opera ile ni ya José, naye anakiri mbele ya watu wote kwamba ndiye aliyemuua, kisha analiita jina la Carmen.