Sirizi za angani na riwaya za kale, ni kukimbia maisha kweli?

mwana_umoja:
Wadau habari za jioni. Mimi nikishatoka kazini na kula, huwa niko na vitu viwili tu, ama sirizi za angani ama riwaya za enzi za mkoloni. Dadangu mkubwa amenikalia ngumu, anasema mtu mzima mwenye kodi na karo ya watoto anafaa kufuata ya leo, kwamba hayo mengine ni kukimbia maisha. Mimi naona kinyume kabisa. Juzi nilikuwa narudia The Expanse, ile iliyoanza 2015, kuna chombo kinaitwa Canterbury kinabeba barafu kutoka kwa pete za Zohali kupelekea watu wa Ceres, sayari ndogo wanakoishi, wapate maji, kinalipuliwa, na huko Ceres watu wanaanza kuangaliana vibaya. Kwetu maji huja kwa zamu na mara nyingi ni usiku, kwanza unasikia mfereji ukifoka hewa, halafu unatema maji ya rangi ya chai, na ploti nzima inaamka na ndoo. Nimeishi hivyo miaka yote na sikuwahi kujiuliza ni nani huamua mtaa upi upate leo na upi ungoje, mpaka nilipowaona hao watu wa Ceres. Kuna mwingine huona hivi?

mama_vitabu:
Mwanangu, dadako anakupenda lakini kwa hili sikubaliani naye. Mimi huuza vitabu vya mtumba hapa mjini, hizi inama za kutandika vitabu chini kando ya barabara, na wanaoulizia Kuli ya Shafi Adam Shafi si wanafunzi peke yao. Ni riwaya ya 1979, inahusu makuli wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa 1948, mwaka mmoja baada ya ule mgomo mkubwa wa Mombasa. Kuna kijana wa mkokoteni pale Marikiti aliinunua, akarudi kuniambia hata wao hulipwa kwa safari, gunia liwe jepesi liwe zito, na hakujua kuna mtu aliwahi kukaa chini akaandika juu ya watu wa kubeba mizigo. Huyo alikuwa anakimbia nini sasa?

fundi_stima:
Riwaya za kale nakubali, sirizi za angani bado. Chukua Star Trek ya 1987, mtu anaongea na ukuta chakula kinatokea, pesa hakuna, na sijaona anayesugua sufuria wala kupiga deki ile meli yote. Mimi nataka kujua nani anafanya hiyo kazi! Riwaya ya kale haikufichi. Ukisoma A Grain of Wheat ya Ngũgĩ, ya 1967, uhuru uko mlangoni na bado Gikonyo yuko na hesabu zake za mahindi na maharagwe, ananunua wakati wa mavuno bei ikiwa chini, anaweka, anakuja kuuza vikiadimika. Hayo ndiyo maisha nayajua mimi.

achieng_k:
Kaka fundi, jaribu Deep Space Nine, hiyo pia ni Star Trek, 1993 mpaka 1999. Kamanda Sisko anapika mwenyewe, babake ana mkahawa New Orleans, na kwa sababu wanaishi kwa stesheni isiyoenda popote, ukikosana na jirani Jumatatu basi Jumanne uko naye tu, kama sisi kwa fleti. Na kuna sehemu moja ya 1998 nikiiona hunitoa machozi, Sisko anajikuta ni mwandishi Mweusi New York miaka ya 50, anaandika hadithi ya stesheni ya angani yenye kamanda Mweusi, na mwenye gazeti anaona heri toleo lote liharibiwe kuliko hadithi hiyo itoke. Hapo ya kale na ya kesho ziko meza moja. Mwana Umoja, mwonyeshe dadako filamu ya Pumzi ya Wanuri Kahiu, 2009, Mkenya mwenzetu, watu wanaishi ndani kwa ndani baada ya vita vya maji, hata jasho wanalisafisha walinywe, na Asha anachukua maji yake kidogo anamwagilia mche.

mwana_umoja:
Asanteni sana. Fundi, hiyo ya sufuria ni kweli na sikuwa nimeifikiria. Dadangu anakuja Jumamosi, nitamwekea Pumzi, ni fupi ataimaliza kabla chai ipoe. Mama Vitabu, Kuli ikiwa bado iko naomba uniwekee moja.

mama_vitabu:
Iko, jalada limechanika kidogo lakini kurasa zote zimo. Pitia kabla ya saa kumi na moja.