Wales mwaka 1936: je, moto wa Penyberth ulistahili uzito unaopewa?

Mdadisi aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, nimekuwa nikisoma habari za Wales katika kipindi cha kati ya vita kuu mbili za dunia, na mwaka 1936 umenitatiza. Waandishi wengi huusimulia kana kwamba jambo lake kuu lilikuwa moto uliowashwa usiku wa kuamkia tarehe 8 Septemba katika shule ya Jeshi la Anga iliyokuwa ikijengwa Penyberth, kwenye rasi ya Llŷn, ili marubani wajifunze kudondosha mabomu. Waliouwasha walikuwa watu wa heshima zao: Saunders Lewis, mhadhiri na mwandishi, Lewis Valentine, mchungaji wa Kibaptisti, na D. J. Williams, mwalimu. Baada ya kuuwasha, walikwenda wenyewe kituo cha polisi cha Pwllheli kujisalimisha. Lakini chama chao, Plaid Cymru, chama cha wazalendo wa Wales, kilikuwa kidogo sana. Mwaka 1929, kilipogombea ubunge kwa mara ya kwanza, kiliambulia kura 609. Je, tendo la watu watatu linaweza kuubeba mwaka mzima wa taifa ambalo sehemu yake ya kusini ilikuwa imelemewa na ukosefu wa kazi?

Kalamu alijibu:

Ndugu Mdadisi, uzito wa Penyberth hauonekani ukianza kuhesabu siku ya moto. Serikali ilikuwa imefikiria kwanza kuweka viwanja vya mazoezi ya mabomu Northumberland na Dorset, na huko malalamiko ya wenyeji na ya wapenzi wa ndege wa porini na mambo ya kale yalisikilizwa. Wawelisi nao walilalamika, makanisa na vyama mbalimbali vikapitisha maazimio, lakini Waziri Mkuu Stanley Baldwin alikataa hata kuupokea ujumbe wao. Nyumba ya kale ya Penyberth, iliyokuwa na historia ndefu ya kuwafadhili washairi, ikabomolewa. Haya yote yalitukia miaka 400 kamili tangu sheria ya mwaka 1536 iliyoiunganisha Wales na Uingereza na kuifanya lugha ya Kiingereza kuwa lugha ya mahakama, na sioni jinsi ambavyo mtu aliyeijali lugha yake angeweza kuyatazama bila kuumia.

Kilichowagusa watu wengi, kwa maoni yangu, ni kesi kuliko moto wenyewe. Watuhumiwa walifikishwa mahakamani Caernarfon, mji ambao wakazi wake wengi walizungumza Kiwelisi, na bado lugha hiyo ilichukuliwa na mahakama kama usumbufu. Tarehe 13 Oktoba juri, yaani raia walioteuliwa kuamua kama washtakiwa wana hatia, ilishindwa kukubaliana. Badala ya kuirudia kesi papo hapo, serikali iliihamishia Old Bailey, mahakama ya jinai ya London, ambako Januari 1937 wote watatu walihukumiwa kifungo cha miezi tisa. Chuo cha Swansea kilimwondoa Saunders Lewis kazini hata kabla hajatiwa hatiani. Mtu ambaye hakuwahi kukipigia chama hicho kura, na ambaye pengine alichukizwa na uchomaji wa mali, aliweza kuona kwamba juri ya watu wake mwenyewe ilikuwa imehesabiwa kuwa haifai.

Bibi Maktaba alijibu:

Namheshimu Ndugu Kalamu, lakini naomba tusiwasahau watu wa mabonde ya makaa ya mawe ya kusini. Familia ya mchimbaji wa Rhondda au Merthyr Tydfil haikuupima mwaka 1936 kwa habari za Llŷn. Iliupima kwa posho ya wasio na kazi na kwa maafisa waliokuja kukagua mapato ya kila aliyeishi nyumbani, hata mshahara wa kijana aliyepata kibarua. Mwanzoni mwa mwaka 1935 umati mkubwa ajabu uliandamana kupinga kanuni mpya za posho hiyo mpaka serikali ikazisimamisha. Zilipokaribia kurejea kwa sura nyingine mwishoni mwa 1936, kikosi cha waandamanaji kilitembea kwa miguu kutoka kusini mwa Wales hadi London. Mwaka huohuo wachimbaji walimchagua Arthur Horner, mkomunisti, kuwa rais wa shirikisho lao.

Mwezi Novemba Mfalme Edward wa Nane alizuru Dowlais, karibu na Merthyr Tydfil, akayaona magofu ya kiwanda cha chuma kilichofungwa mwaka 1930, akatamka kwamba lazima jambo lifanyike watu hawa wapate kazi. Maneno hayo yalipokewa kwa matumaini makubwa, nami siwezi kuwalaumu waliotumaini. Tarehe 11 Desemba hakuwa mfalme tena, maana alikuwa amejiuzulu.

Mdadisi aliandika:

Nawashukuru nyote. Bibi, je, ina maana kwamba kusini hawakuijali lugha?

Bibi Maktaba alijibu:

La, mwanangu. Katika sensa ya mwaka 1931 zaidi ya watu 900,000 walisema Kiwelisi, na wengi wao waliishi katika mabonde hayohayo ya makaa ya mawe. Kazi ilipokosekana na vijana wakahamia miji ya Kiingereza ya Slough, Oxford na Coventry, walihama pamoja na lugha yao, na watoto wao wakakulia katika Kiingereza. Kwa hiyo kufungwa kwa kiwanda kulikuwa pia suala la lugha, ingawa waliopigania mambo haya mawili mara nyingi hawakuketi meza moja.

Kalamu alijibu:

Hapo Bibi amenifunza, na hoja yake inanisaidia kuona kwa nini moto ule haukukiletea chama kura. Mbunge wake wa kwanza, Gwynfor Evans, alichaguliwa mwaka 1966. Matunda ya karibu yalipatikana mahakamani. Mwaka 1938 ulianza ukusanyaji wa saini za kudai haki ya Kiwelisi mbele ya sheria, na watu wa vyama mbalimbali, wa kaskazini na wa kusini, wakatia saini. Sheria ya mwaka 1942 ilimruhusu kutumia Kiwelisi mtu ambaye angepata hasara kwa kulazimika kusema Kiingereza, na ikaondoa gharama ya mkalimani mabegani mwake. Ilikuwa ruhusa finyu, maana anayejua lugha zote mbili hakupewa hiari ya kuchagua, na madai ya hiari hiyo yaliendelea hadi sheria nyingine ya mwaka 1967.