Zimamoto wa kujitolea: tuwalipe kwa mwito, kwa saa au kwa pointi?

NdooNyekundu
Wakuu, naomba mchango wenu. Kikosi cha zimamoto cha mji mdogo kina watu 22, wote wa kujitolea, hakuna anayepata hata senti. Miito ni kama 120 kwa mwaka, na mchana wa siku za kazi wanaojitokeza ni wanne au watano tu. Halmashauri imekubali kutenga fungu la posho ila inataka mpango ulioandikwa. Wapo wanaotaka posho moja kwa kila mwito, wengine saa, wengine pointi. Kipi kinafaa, na mitego iko wapi?

Hosi65
Mkuu, kabla ya kugombania kiwango, piga hesabu ya saa. Chukua daftari la miito la miaka 3 utafute wastani. Tuseme miito 120, kila mmoja watu 9, saa moja na nusu: hizo ni saa 1,620. Njoo kwenye mazoezi: mara 48 kwa mwaka, watu 15, saa 2, unapata 1,440. Mazoezi yanakula karibu sawa na moto wenyewe, na ndiyo yanayosahaulika kwenye bajeti. Jumla ni saa 3,060. Weka na akiba, maana moto mmoja wa nyika wa siku 3, watu 20, saa 12 kwa siku, unameza saa 720. Hiyo ni karibu robo ya mwaka mzima kwa tukio moja.

Posho moja kwa mwito ni raha ya mweka hazina peke yake. Aliyezima jiko kwa dakika 20 anapata sawa na aliyekesha kwenye ghala, kwa hiyo ikifika saa ya tatu watu wanaanza kukumbuka wana usingizi. Mimi nachagua saa: kima cha chini saa 1, baada ya hapo robo saa kwa robo saa. Saa ianze kengele inapolia na iishe gari likiwa tayari kutoka tena, yaani hosi zimeoshwa na kubadilishwa, mitungi ya hewa imejazwa, tangi la maji limejaa. Ukisimamisha saa pale moto unapozimika, hosi zitalala na matope.

KengeleMbili
Pointi zina uzuri wake. Mfano: mwito pointi 1, zoezi 2, ukaguzi wa vifaa 1, zamu ya wikendi 4. Fungu la robo mwaka linagawanywa kwa jumla ya pointi, kwa hiyo bajeti haipasuki hata iweje. Ubaya ni kwamba robo yenye miito mingi thamani ya pointi inashuka, yaani watu wanachoka zaidi na kila pointi inalipa kidogo zaidi. Manung'uniko yake si ya kawaida. Gawanya kwa mwaka badala ya robo, au weka thamani ya chini ya pointi.

Jambo ambalo wengi hukosea: mlipe pia aliyefika kituoni akakuta gari limejaa. Gari lina viti 6. Ukilipa sita tu, watu watakimbiza magari yao barabarani kuwahi kiti, na wa saba akirudi mikono mitupu mara tatu, ya nne haji. Na hiyo ya nne ndiyo ya nyumba inayoungua kweli. Kengele za uongo nazo zilipwe kima cha chini, kwa sababu aliyeacha kazi yake hakujua kama ni ya uongo.

Karatasi iwe moja, kituoni: jina, saa ya kuingia, saa ya kutoka, sahihi ya kiongozi wa tukio usiku huohuo. Madai ya kwenye kundi la WhatsApp baada ya siku tatu yasipokelewe.

Kuhusu mchana, posho ya mwito haitaleta watu. Tatizo ni mwajiri. Ujerumani mwajiri analazimika kumwachia mfanyakazi aende, na mji unamrudishia mshahara wa saa hizo. Kama hilo haliwezekani, lipa zamu ya watu wawili wa kukaa kituoni mchana.

SheriaKwanza
Hosi65, ushauri wa saa si wa kila nchi. Marekani posho ya mtu wa kujitolea lazima iwe ndogo na isifungwe na tija. Wizara ya Kazi hutumia kipimo cha 20% ya ambacho mji ungemlipa mzimamoto wa kudumu kwa huduma ileile. Kwa mwito inakubalika. Ukilipa kwa saa unakaribisha hoja kwamba ni mwajiriwa, na kima cha chini cha mshahara kinamfuata. Ufaransa ni kinyume: posho ni ya saa, kwa cheo, na haikatwi kodi ya mapato.

Zamu ya nyumbani nayo iangalie. Mwaka 2018 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika kesi ya mji wa Nivelles, Ubelgiji, ilisema mzimamoto wa kujitolea anayelazimika kukaa nyumbani na kufika ndani ya dakika 8 yuko kazini. Dakika utakazoandika kwenye mpango zina uzito.

Na bima! Soma fidia ya kuumia inakokotolewa kwa kipato gani. Ikiwa ni kwa posho, fundi aliyevunjika mgongo atalipwa vichenji. Idai ikokotolewe kwa kipato cha kazi yake ya kawaida.

NdooNyekundu
Nashukuru sana wakuu. Viongozi je?

Hosi65
SheriaKwanza, nimekubali. Viongozi wape kiasi cha mwaka kisichobadilika, kwa kamanda, mtunza vifaa na msimamizi wa mazoezi, juu ya posho ya kawaida. Usiwape asilimia ya miito, maana wao ndio wanaoamua watu wangapi waitwe.