Mjadala: Duke wa Bridgewater alistahili shukrani za watu wa Manchester?

Wakuu, hoja iliyo mezani inamhusu Francis Egerton, Duke wa tatu wa Bridgewater (1736–1803), mmiliki wa migodi ya makaa ya Worsley, karibu na Manchester, aliyechimba mfereji kupeleka makaa yake ya mawe Manchester. Wanaomsifu wanashika jambo moja: mfereji ulipoanza kazi miaka ya 1760, bei ya makaa mjini ilishuka hadi karibu nusu. Kutoka hapo wanasema tajiri mwenye maono akiachiwa nafasi, na maskini atapata chake. Kuhusu bei wako sahihi. Ninachokataa ni hiyo hatua ya pili.

Haki yake tumpe kwanza, maana alikuwa nayo. Cheo alikirithi akiwa na miaka 11, mtoto wa afya dhaifu. Ujanani alizunguka Ulaya akauona mfereji mkubwa wa kusini mwa Ufaransa. Mwaka 1758 uchumba wake na Elizabeth Gunning, mjane wa Duke wa Hamilton, ulivunjika, naye hakuoa maisha yake yote. Wengi hupenda kusema mfereji ulitokana na huzuni ile. Mimi naona alikuwa na tatizo la biashara. Makaa alikuwa nayo, na wanunuzi walikuwa karibu, ila katikati palikuwa na barabara mbovu za farasi wa mizigo, au mto Irwell ambao kampuni iliyoushika ilitoza ushuru mkubwa. Juu ya hayo, migodi ilikuwa inajaa maji.

Werevu wa mradi uko hapo kwenye maji. Msimamizi wake, John Gilbert, ndiye anayetajwa kwa wazo hili: maji yanayoisumbua migodi yatolewe kwa mtaro, yaulishe mfereji, na mfereji wenyewe uingie ndani ya kilima hadi makaa yanapokatwa. Mashua nyembamba zikawa zinapakiwa gizani, chini ya ardhi, na kutokea Worsley zikiwa zimejaa. Kadiri miaka ilivyokwenda, njia hizo za maji za chini ya ardhi zilifikia kilomita 74 hivi. Nje, fundi wa vinu James Brindley, mtu ambaye hata kuandika kulimpa shida, aliuvusha mfereji juu ya mto Irwell pale Barton kwa daraja la mawe la matao matatu, kiasi cha mita 12 juu ya mto. Lilifunguliwa tarehe 17 Julai 1761. Mashua zikapita juu ya mashua, na watu walisafiri kutoka mbali kwenda kushuhudia.

Fedha nazo hakuzionea huruma. Mwaka 1765 alikopa pauni 25,000 kutoka benki ya Child ya London ili kuusogeza mfereji hadi Runcorn, kwenye mto Mersey, wapate njia ya kwenda Liverpool. Kazi yote ilimeza zaidi ya pauni 220,000. Yeye binafsi alijibana akaishi kwa pauni 400 kwa mwaka, jambo ambalo mabwanyenye wenzake wasingeliwaza. Hilo namheshimu nalo kabisa.

Sasa turudi kwenye bei, maana ndiyo nguzo ya hoja ya wenzetu. Duke hakuweza kuchimba mfereji kwenye ardhi za watu bila sheria ya Bunge. Alipoiomba mwaka 1759, alijifunga kuuza makaa kwa watu wa Manchester na Salford kwa bei isiyozidi peni 4 kwa kila kilo 50 hivi, kwa miaka 40. Ushuru wa kusafirisha mizigo nao uliwekewa kikomo: shilingi 2 na peni 6 kwa tani. Kwa hiyo ile nafuu ilikuwa sehemu ya mapatano. Umma ulimpa kitu kikubwa, nao ukadai kitu.

Na alichopewa kilikuwa kikubwa kweli. Muulizeni Sir Richard Brooke wa Norton, ambaye hakutaka kabisa mfereji upite kwenye shamba lake. Alipinga miaka na miaka, lakini mwaka 1776 mfereji ulikamilika ukipita kwake. Brooke alikuwa mtu mzito, mwenye sauti. Fikirieni mkulima wa kawaida aliyekaa kwenye njia hiyo hiyo. Mamlaka ya kupita kwenye ardhi ya mwingine si mali ya Duke yeyote. Ni ya umma, na Duke aliazimwa.

Kuna anayesema: haidhuru, sharti au si sharti, makaa yalishuka bei. Sawa. Lakini tazameni mambo yalivyokwenda alipofariki mwaka 1803. Wosia wake uliuweka mfereji na migodi chini ya wadhamini, faida imwendee mpwa wake, Marquess wa Stafford. Kufikia miaka ya 1820 wafanyabiashara wa Liverpool na Manchester walikuwa wakililia gharama na ucheleweshaji wa njia za maji, na hiyo ilikuwa sababu mojawapo kubwa ya kujengwa kwa reli yao, iliyofunguliwa mwaka 1830. Marquess huyo huyo alinunua hisa za reli hiyo za pauni 100,000. Na utajiri huo wa mfereji ulimpa nguvu ya kubadili mashamba ya mkewe kule Sutherland, Scotland, ambako maelfu ya wapangaji waliondolewa kwenye mabonde yao ili kondoo wapate malisho. Msiniambie hayo ni ya warithi, hayamhusu marehemu. Wosia aliuandika yeye, na hakuna aliyemlazimisha kuufunga vile.

Halafu kuna picha. Mwaka 1798 Duke na jamaa zake wawili walinunua michoro ya Kiitaliano iliyokuwa ya ukoo wa Orléans, tawi la familia ya kifalme ya Ufaransa. Miwili ya mchoraji Titian, inayomwonyesha Diana, mungu wa kike wa Kirumi, ilibaki kwenye ukoo wa Duke. Mwaka 2009 majumba ya sanaa ya taifa ya Uingereza na Scotland yalilipa pauni milioni 50 kununua mmoja, na mwaka 2012 pauni milioni 45 kununua wa pili, sehemu ya fedha hizo ikitoka kwa umma. Mimi hapo inaniuma. Wachimbaji wa Worsley walikuwa wakipakia mashua gizani wakati Duke ananunua picha, na vizazi baadaye umma unazilipia.

Msimamo wangu basi ni kwamba shukrani za makaa ya nafuu ziwaendee walioandika lile sharti la peni 4, pamoja na Gilbert, Brindley na wachimbaji. Duke apewe sifa ya ujasiri wa kukopa, inamtosha. Anayeona nimemwonea aje na jibu la hili: kama nia yake ilikuwa kuwanufaisha watu wa Manchester, kwa nini wosia wake uliwalinda warithi kwa uangalifu wote ule? Na Bunge, lililompa ardhi za watu kwa faida isiyo na mwisho, kwa nini liliwawekea wanunuzi wa makaa ukomo wa miaka 40?