Tupeane uzoefu: mliopangiwa zahanati za bushi Kigoma na Tabora, nini kilikufanya ubaki au ukimbie?

Mkunga wa Mwambao (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wakuu. Juzi mdogo wangu mmoja kanipigia analia, majina ya ajira yametoka kapangiwa zahanati ya mwambao huku kusini Uvinza, mama yake anamwambia usiende mwanangu utaliwa na mamba. Nikamwambia tulia kwanza, ngoja nikuulizie kwa watu waliokaa huko. Kwa hiyo naomba stori za kweli, mambo ya "uzalendo kwanza" tuwaachie wanaohutubia.

Naanza mwenyewe. Niliripoti 2014, mimi mtu wa Morogoro, Ziwa Tanganyika nilikuwa naliona kwenye ramani tu. Tulipanda boti ya mbao pale Ujiji jioni, juu ya magunia ya unga na kreti za soda, nimekumbatia godoro langu, tumefika asubuhi nimetapika mpaka nyongo. Zahanati nzima nimemkuta mama mmoja mhudumu wa wodi, darasa la saba, tabibu aliyekuwepo kaenda likizo miezi mitatu iliyopita na "likizo" wanaisema hivyo hivyo kwa kucheka. Ikama, yaani idadi ya watumishi iliyopangwa, kwa zahanati inataka watu 15 kwenda juu. Sisi tulikuwa wawili.

Usiku wa tatu analetwa mama wa uzazi wa sita, kajifungua salama kabisa, halafu damu ikaanza. Nimechoma oksitosini ya kuzuia damu, nasugua tumbo, tochi naing'ata mdomoni maana sola ilishakata saa tatu. Namwambia yule mhudumu tutoe rufaa, ananiangalia ananiambia, "Sista, kusi imeamka, hakuna nahodha atakayetoka sasa hivi, ziwa limekataa." Akavaa glavu, akapanda kitandani kwa magoti, akakandamiza pale nilipomwonyesha na hakuachia. Saa ngapi sijui, damu ikapungua. Asubuhi akanipikia ugali wa muhogo na mgebuka akanikazia macho mpaka nimalize.

Mimi nilibaki kwa sababu ya huyo mama, siyo posho wala nini. Ndio maana 2017 lile zoezi la serikali la kuwaondoa watumishi walioishia darasa la saba lilipomwondoa niliandika barua ya uhamisho wiki hiyo hiyo. Miezi ile niliyokuwa peke yangu ndo miezi pekee nilifikiria kuacha kazi kabisa, yaani unaogopa hata kwenda chooni mjamzito asije akafika. Mwaka uliofuata serikali ikasema walioajiriwa kabla ya Mei 20, 2004 warudi, akarudi, barua yangu nikaenda kuifuta.

Haya, na nyie?

Tabibu Miombo

Mimi Kaliua, vijiji vya tumbaku, mbung'o wa kutosha. Mtoa mada umegusa lakini kwangu kilichoamua ni NYUMBA. Mnakumbuka ule mpango wa serikali wa afya ya msingi, MMAM, wa 2007, zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata? Wananchi walijenga kweli, maboma yako kila kona mpaka leo mengine yana miti ndani, ila mtu wa kufanya kazi humo atalala wapi hilo lilikuwa linafuata baadaye. Aliyenitangulia alikuwa analala stoo ya dawa, kichwa chini ya maboksi ya mseto, dawa ya malaria. Mimi nikapewa chumba kwa mwenyekiti wa kitongoji, watu wema sana, lakini jamani mgonjwa akija usiku anaamsha familia nzima, na mke wangu alipokuja kutembea alikaa siku nne akasema mimi narudi Tabora mjini, ukipata mlango wetu wenyewe uniite.

Nikaongea na wazee. Sikuwaficha, nikawaambia msimu ujao mvua ikianza mimi sitakuwepo. Wakapeleka kwenye mkutano wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, wakakubaliana kila mkulima akatwe kidogo kwenye malipo ya tumbaku, wengine wakafyatua matofali, vyumba viwili na sebule. Kuna mzee alipinga sana, akasema daktari ana mshahara ajijengee, na kusema ukweli nilimwelewa. Mke akaja. Mwaka wa tisa huu, watoto wawili wamezaliwa hapo hapo. Nyie mnaobisha kwamba watumishi hawataki kukaa kijijini, mmewahi kuulizia wanalala wapi? Hata zile nyumba za watumishi za Taasisi ya Mkapa zilizojengwa kwenye wilaya za pembezoni, nenda kaangalie kama zina mtu au hazina.

Nilitoroka

Nitukaneni tu. Nilikaa miezi minne. Mshahara wa kwanza ulichelewa, pesa ya kujikimu nikapewa nusu, nusu nyingine nikaambiwa "inashughulikiwa", jina la halmashauri silitaji. Nikawa nakopa chumvi dukani, mtoto wa duka ananiambia dokta deni limefika elfu arobaini na saba mbele ya wagonjwa wangu. Heshima inatoka wapi hapo? Wakati huo unaambiwa kaa miaka mitatu ndo uombe uhamisho. Nikafunga begi. Sasa hivi nipo duka la dawa mjini, sijutii, ila kuna mtoto mmoja wa kifafa nilikuwa namfuatilia dozi yake na huwa namkumbuka.

Mkunga wa Mwambao

Hakuna wa kukutukana hapa mkuu. Deni la chumvi wengi tumelipitia.

Mzee wa Milimani

Na sisi wagonjwa tuongee, naona watumishi mmejazana. Niko Buhigwe. Mke wa mwanangu alipandishwa mlima kwa machela, watu wanne wanapokezana, masaa mawili na nusu, tunafika tunakuta kufuli. Muuguzi kaenda mjini. Mara ya kwanza semina, mara ya pili benki, mara ya tatu kupeleka ripoti. Tulikaa chini ya mwembe mpaka akajifungulia pale pale kwenye kanga za mama zake. Mtoto mzima, sasa anachunga mbuzi. Lakini mkisema nyumba na posho mkumbuke na lile kufuli. Siku ile nilimchukia yule binti kutoka moyoni na baadaye nikaja kumwonea huruma, maana nilimwona anarudi usiku juu ya boda kajaa vumbi hana hata sauti.

Sista Mhasibu

Shikamoo mzee wangu, pole sana. Huyo binti anaweza kuwa mimi, ingawa mimi siyo wa Buhigwe.

Naomba nieleze watu waelewe lile kufuli linatoka wapi. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 pesa za mfuko wa pamoja wa afya zinakuja moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo. Jambo zuri mno, zamani pesa ilikuwa inaishia juu huko na sisi tunaomba hata sabuni kwa barua. Ila sasa zahanati haina mhasibu, kwa hiyo mkunga ndo mhasibu, ndo mtunza stoo, ndo anaagiza dawa bohari ya serikali, ndo anajaza vitabu vya MTUHA (vya takwimu za wagonjwa) na mwisho wa mwezi ripoti iingie kwenye mfumo. Netiweki hakuna, mimi nilikuwa napanda kichuguu kimoja nyuma ya shule, wanafunzi wanajua kabisa sista akiwa juu ya kichuguu usimsalimie utamkatia. Benki kilomita 90. Ukiwa peke yako, siku ya kwenda benki zahanati imefungwa, hakuna uchawi hapo. Kwangu kufuli lilikuja kuisha alipoletwa mtu wa pili, tukawa tunapeana zamu. Mtu mmoja tu aliongezwa.

Mtoto wa Hapa Hapa

Kuna wataalamu husema ajirini watoto wa kijijini maana ndo hukaa, hata Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo 2010 wakasema chukueni wanafunzi waliokulia vijijini. Ni kweli, mimi mfano hai, nimezaliwa Sikonge nafanya kazi Sikonge, "mwangaluka" naijibu usingizini, matobolwa na karanga ndo chai yangu, sina mpango wa kuhama.

Lakini hamsemi upande wa pili. Wewe ni mtoto wa hapa, kwa hiyo kila mtu ni mjomba. Shangazi anakuja saa sita usiku anaumwa kiuno tangu 1998, anataka sindano, siyo vidonge, na hataki kulipa kwa sababu nilikubeba mgongoni mimi. Kadi ya CHF, bima ya afya ya jamii, ilikuwa elfu 30 kaya ya watu sita mwaka mzima, nimewalipia ndugu kaya tatu na bado nikiwaambia dawa ya presha imeisha wanasema nimeuza. Kipimo cha malaria kikisoma hana wananiambia mashine inadanganya, na huku Tabora watu wameizoea malaria kweli kweli maana utafiti wa 2022 sisi ndo tuliongoza, karibu watoto 23 kwenye kila mia. Mgeni akisema hapana wanasema ndo taratibu za serikali. Mimi nikisema hapana, nina roho mbaya kama babu yangu.

Nilichofanya: nimehamia nyumba ya zahanati nikatoka nyumbani kwa mama, na sindano hazipo nyumbani, hata dawa ya kichwa haipo. Imepunguza kidogo.

Daktari Msaidizi Mstaafu

Vijana, mmeongelea zahanati tu. Mimi nilikuwa AMO, yaani daktari msaidizi, kituo cha afya Kigoma, kabla ya hapo mama wa kupasuliwa tulikuwa tunampakia kwenye gari la wagonjwa kama lipo, au roli la mkaa, kwenda hospitali, wengine walifia njiani hapo kwenye udongo mwekundu masika. Kuanzia 2006 kuna mradi uliingia mkoani, vituo vya afya vikajengewa vyumba vya upasuaji, na sisi madaktari wasaidizi na manesi tukapelekwa kozi, mimi wa kupasua, sista wa kutoa usingizi. Kuna wakubwa waliguna, eti upasuaji mpaka daktari bingwa. Bingwa yuko wapi kwenye kata ile? AMO wamepasua nchi hii tangu miaka ya sitini.

Kilichoniuma ni kitu kingine. Sista wa usingizi alifuata mume Mwanza. Aliyebaki mmoja, akapata likizo ya uzazi, haki yake. Chumba cha upasuaji kipo, taa zipo, mimi nipo na mikono yangu, hatupasui. Kama miezi mitano tulirudi kutoa rufaa kama zamani. Halafu jenereta nayo ilikuwa ya wafadhili na dizeli ikawa ya kugombania. Kwa hiyo mkiletewa mradi msishangilie jengo, ulizeni nani wa pili na nani wa tatu. Niliwafundisha wauguzi wawili wa pale pale kusaidia kwenye chumba nikiwa bado nina nguvu, mmoja kaenda kusomea usingizi akarudi. Huyo ndo anafanya kazi mpaka leo.

Dereva wa Nzega

Mimi siyo mtumishi nina probox. Niliandikishwa kwenye m-mama, mpango wa usafiri wa dharura, mjamzito au aliyejifungua au kichanga kikizidiwa zahanati wanapiga 115 bure, gari la wagonjwa likiwa mbali napigiwa mimi, nikimfikisha hela inaingia kwenye simu. Nimebeba wengi. Muuguzi mmoja aliniambia tangu namba yangu iko ukutani kwake analala, zamani alikuwa anakesha akiwa na mjamzito mwenye presha hata kama mjamzito mwenyewe amelala. Barabara ndo bado, mbuga ikijaa maji hata probox ni mtumbwi.

Nilitoroka

Mstaafu umeniambia kitu. Kule kwangu hakukuwa na wa pili.

Ajira Mpya

Shikamooni wote. Mimi ndo huyo mdogo anayelia 😅 nimesoma yote mara mbili. Mama bado hataki ila baba kanipa nauli. Naripoti Jumatatu. Naomba mniambie nibebe nini, na je kweli kuna mamba?

Sista Mhasibu

Marahaba mdogo wangu. Beba tochi ya kuvaa kichwani usije ukang'ata kama mwenzio, betri za akiba, simu ya kitochi inayokaa na chaji siku nne, laini za mitandao miwili maana hujui upi unashika. Gambuti. Kaunta buku moja ya madeni yako na moja ya kuandika kila rufaa uliyotoa na saa uliyopiga simu, hiyo itakulinda siku moja.

Tabibu Miombo

Kabla hujasaini kuripoti kijijini muulize mtendaji utalala wapi na choo kiko wapi. Uliza kwa upole lakini uliza mbele ya watu.

Nilitoroka

Hela ya miezi miwili ya kula, usiitegemee ya kujikimu. Chumvi beba ya kwako.

Mkunga wa Mwambao

Mamba wapo, kwa hiyo maji usichote alfajiri peke yako, fuata wenzako. Mimi nimehamia kituo cha afya mwaka jana lakini yule mama bado yupo pale pale unapokwenda, anastaafu mwakani, usimwite dada wala mhudumu, mwite mama, na siku za kwanza muache akuongoze hata kama cheti ni chako. Kaa naye karibu huo mwaka mmoja, kila anachojua muulize, mpaka nahodha gani hutoka usiku na yupi hudanganya. DMO, mganga mkuu wa wilaya, nimeshampigia kuhusu mtu wa kushika nafasi yake, kasema kibali kinasubiriwa, nitampigia tena Alhamisi na ijayo. Boti ya Jumapili inatoka Ujiji jioni. Nahodha nitamwambia akuwekee nafasi katikati karibu na magunia, ukikaa mbele utalowa.