Uchambuzi wa habari kwa msimamo wa Kikristo wa kihafidhina: naomba mwongozo wa kazi yenyewe

Mleta mada:
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Naandaa uchambuzi wa sauti wa dakika 12 kila Ijumaa, habari za siasa na utamaduni, kwa msimamo wa kihafidhina: ndoa ni ya mume na mke, uhai huanzia tumboni, mzazi ndiye mwenye neno la kwanza juu ya mtoto wake. Msimamo huo siuleti hapa tuubishie. Habari nyingi ni za Marekani na Vatican kwa sababu ndizo zinazozunguka sana kwenye makundi.

Shida yangu iko sehemu mbili. Habari inanifikia ikiwa klipu ya sekunde 40 au kichwa cha habari kitupu, na mara nyingi imetiwa chumvi. Halafu sijui mstari wa Biblia uingie wapi na kwa haki gani. Naomba utaratibu: nikishika hukumu naisomaje, nikishika tamko najuaje lina uzito gani.

Msoma_Hukumu:
Amina. Nianze na hukumu, maana ndipo wachambuzi wa upande wetu wanapojikwaa zaidi, na wanajikwaa wakiwa wanashangilia.

Mahakama ya Juu ya Marekani huweka hukumu kwenye tovuti yake siku ileile inapotolewa, bure. Kurasa za mwanzo ni muhtasari, na wenyewe unatamka kwamba si sehemu ya rai ya mahakama, yaani maandishi ya majaji yenye uamuzi na sababu zake. Usome upate ramani, ila usiunukuu kama maneno ya majaji. Baada yake inakuja rai ya walio wengi, kisha rai za wanaokubali kwa sababu nyingine, mwisho rai pinzani. Kama una saa moja tu, tafuta swali ambalo mahakama ilikubali kulijibu, nenda aya ya mwisho ya rai kuu uone imeamuru nini hasa, kisha soma rai pinzani yote. Usiruke rai pinzani. Humo ndimo utakapokuta ukweli ambao upande wako hautautaja, na msikilizaji wako atakutana nao kesho yake kwa mtu mwingine.

Mfano: Kennedy v. Bremerton, Juni 27, 2022, kura 6 kwa 3. Kwenye makundi ilisambaa kwamba "sala zimerudi shuleni". Kesi ilimhusu kocha msaidizi wa timu ya shule ya umma katika jimbo la Washington, aliyekuwa akipiga magoti katikati ya uwanja baada ya mechi. Jaji Gorsuch aliandika kwamba sala ile ilikuwa ya mtu binafsi, inalindwa na katiba, na wilaya ya shule haikuwa na haki ya kumwadhibu. Mahakama pia iliweka kando kipimo cha kesi ya Lemon ya mwaka 1971, kilichotumika kupima kama serikali inaipendelea dini, na hilo ni kubwa kuliko kesi ya kocha mwenyewe. Lakini hukumu ya Engel v. Vitale ya 1962, inayokataza shule ya umma kuwaongoza wanafunzi katika sala iliyoandaliwa na serikali, haikuguswa. Ukisema sala zimerudi, umekosea. Ukisema mwajiri wa umma hawezi tena kumfukuza mtu kwa sababu tu ameonekana akisali, uko karibu na ukweli. Na rai pinzani ya Jaji Sotomayor iliweka hadi picha za kocha akiwa amezungukwa na wachezaji, kuonyesha kwamba haikuwa sala ya faragha. Zitaje. Halafu sema kwa nini bado unaona walio wengi wamekuwa sahihi. Hapo ndipo uchambuzi unapoanzia.

Kosa la pili ni kutoangalia kifungu cha katiba kilichotumika. Mwokaji keki wa Colorado, aliyekataa keki ya harusi ya jinsia moja, alishinda Juni 4, 2018, 7 kwa 2, kwa sababu tume ya jimbo ilionyesha uadui kwa imani yake. Swali kubwa, kama mfanyabiashara Mkristo anaweza kukataa kazi ya harusi ya jinsia moja, liliachwa bila jibu. Mbunifu wa tovuti kwenye kesi ya 303 Creative, asiyetaka kutengeneza tovuti za harusi kama hizo, alishinda Juni 30, 2023, 6 kwa 3, kwa kifungu cha uhuru wa kusema. Kifungu cha uhuru wa dini hakikutumika. Kwa hiyo ushindi wake unamgusa mtu anayetunga ujumbe. Anayekodisha viti vya harusi bado hana pa kujificha chini ya hukumu hiyo. Ukizichanganya hizi mbili, utampa mtu ushauri utakaomfikisha mahakamani na kushindwa.

Kesi ya Dobbs nayo, Juni 24, 2022: haikupiga marufuku utoaji mimba. Iliiondoa Roe, hukumu ya 1973 iliyoifanya haki ya kutoa mimba kuwa ya katiba, na kuurudisha uamuzi kwa majimbo na wawakilishi wa wananchi. Hata kura huhesabiwa vibaya. Majaji 6 waliikubali sheria ya Mississippi ya wiki 15, ila 5 tu ndio waliotaka Roe iondoke kabisa. Jaji Mkuu Roberts hakwenda mpaka huko. Na baada ya hapo wapiga kura wa Kansas, Agosti 2022, walikataa badiliko la katiba ya jimbo dhidi ya haki ya kutoa mimba, lililotakwa na upande wetu, na Ohio, Novemba 2023, wakaiweka haki ya kutoa mimba ndani ya katiba yao. Mchambuzi anayeishia Juni 2022 anawaacha watu kwenye sherehe iliyokwisha.

Kalamu_ya_Bati:
Mkuu, hayo yote ndani ya dakika 12? Watu watalala. Msikilizaji anataka ajue tunasimama wapi, hataki darasa la sheria.

Msoma_Hukumu:
Yanaingia. Dakika 12 kwa msomaji asiyekimbia ni maneno kama 1,200 hadi 1,300. Chagua habari moja, isizidi mbili. Ukiweka tano hakuna utakayoitendea haki. Robo ya kwanza iwe kilichotokea, bila sifa wala matusi: nani, lini, chombo gani, kura ngapi, sasa kinafuata nini. Nusu iwe hoja yako. Robo iliyobaki hoja ya wapinzani na jibu lako. Usingizi unaletwa na mchambuzi asiye na neno jipya, tarehe hazijawahi kumlaza mtu.

Ukitaka kuona tofauti, soma hizi mbili kwa sauti. "Mahakama imewanyamazisha wasioamini, Mungu amerudi shuleni." Halafu: "Majaji 6 wamesema kocha aliyepiga magoti peke yake hakuiwakilisha shule. Majaji 3 wanasema hakuwa peke yake, na wana picha." Ya pili ni ndefu kidogo, lakini msikilizaji anasubiri uendelee.

Mwana_wa_Beroya:
Kuhusu mstari wa Biblia. Mimi nauweka baada ya taarifa. Ukitangulia, unageuka kuwa hukumu kabla ya kesi, na Mithali 18:13 inakukamata wewe mwenyewe, maana inamwaibisha anayejibu kabla hajasikia. Mstari wa 17 wa sura hiyohiyo unamleta mwenzake aje kumhoji yule aliyesema kwanza. Bandika hiyo miwili juu ya kipaza sauti.

Kazi ngumu ni kutenga ngazi. Kuna jambo ambalo Maandiko yanalitamka wazi: usiue, usimshuhudie jirani yako uongo, mume na mke wawe mwili mmoja. Hapo sema "Biblia inasema" bila woga. Kuna jambo linalotokana na kanuni: kumtunza mgeni, kumheshimu mwenye mamlaka, haki kwa maskini. Hapo sema "naona kanuni hii inatuelekeza huku". Na kuna la busara tupu: kiwango cha kodi, idadi ya visa, muswada upi upigiwe kura wiki hii. Hapo sema "kwa maoni yangu". Kipimo changu ni swali moja: je, Mkristo anayeliamini Neno kama mimi anaweza kufika kwenye sera tofauti bila kutenda dhambi? Kama anaweza, ondoa "Bwana asema".

Mistari miwili huumizwa kila kipindi cha uchaguzi. 2 Nyakati 7:14 ni jibu la Mungu kwa Sulemani baada ya hekalu kuwekwa wakfu; "watu wangu" ni taifa la agano, na mstari wa 13 unataja mvua kufungwa, nzige na tauni. Mafundisho ya toba unaweza kuyatoa humo, kanisa lina haki nayo. Kuihamisha ahadi ya nchi ile kwenye bendera ya Marekani au ya nchi nyingine yoyote, hapo unahitaji hoja, na wengi hawaitoi. Wa pili ni Warumi 13, wa kutii wenye mamlaka. Akiwa madarakani mtu wetu, tunausoma mpaka koo linakauka. Akiingia wa upande mwingine, tunahamia Matendo 5:29, wa kumtii Mungu kuliko wanadamu. Yote miwili ni Neno. Amua kabla ya uchaguzi ni amri ya namna gani ingekufanya ukatae kutii, uiandike, uweke tarehe. Baada ya uchaguzi usiibadilishe.

Dada_Rehema:
Mimi niguse klipu. Usichambue klipu ambayo hujaona video yake nzima. Tafuta tukio lenyewe kwa jina la mkutano na tarehe, sikiliza dakika 2 kabla na 2 baada. Vitu vinavyokatwa sana ni swali lililotangulia, maneno "wapinzani wangu husema kwamba...", na kicheko. Tarehe nayo: video ya miaka mitano nyuma ikirudi ina hasira mpya. Kama huipati video nzima, piga picha ya skrini sehemu tatu tofauti uzitafute kwa picha kwenye Google. Maandishi ya tafsiri chini ya video yachukulie kama maneno ya aliyeyaandika, mpaka usikie mwenyewe.

Halafu dhihaka. The Babylon Bee, tovuti iliyoanza 2016, ni ya Wakristo wahafidhina na kila kitu ni mzaha, lakini vichwa vyake vya habari vinatumwa kama habari kamili, na anayevituma ni wa upande wetu. Kabla ya kukasirika angalia jina la tovuti.

Mleta mada:
Nimeelewa sana, asanteni. Bado mawili: matamko ya Vatican, na wagombea. Kuna klipu zinasema wachungaji wa Marekani sasa ruksa kuwapigia kampeni wagombea.

Mwana_wa_Beroya:
La Vatican, chukua Fiducia Supplicans ya Desemba 18, 2023. Kichwa cha habari kilichosambaa ni "Papa aruhusu ndoa za jinsia moja". Tamko lilitoka Baraza la Kipapa la Mafundisho Tanzu ya Kanisa, likiwa na saini ya Kardinali Fernández na idhini ya Papa Francis. Linatamka wazi kwamba mafundisho ya ndoa hayabadiliki, kisha linaruhusu baraka isiyo ya kiliturujia, yaani isiyo ibada rasmi, kwa wawili walio katika hali isiyo ya kawaida, yaani wanaoishi pamoja bila ndoa inayotambuliwa na Kanisa, wakiwemo wa jinsia moja. Januari 4, 2024 baraza hilo likafafanua kwamba ni baraka ya sekunde 10 au 15. Januari 11 maaskofu wa Afrika kupitia SECAM, umoja wa mabaraza yao, kwa tamko lenye saini ya Kardinali Ambongo wa Kinshasa, wakasema haifai kutoa baraka hiyo barani Afrika, huku wakishikilia umoja wao na Papa.

Mhafidhina ana hoja nzito hapa: waumini hawataitofautisha baraka ya watu na baraka ya uhusiano wao, hata ukiwaeleza. Hoja hiyo inatosha, haihitaji kubebwa na uongo. Ila ukianza na "Papa amefungisha ndoa", Mkatoliki wa kwanza anayejua tamko anakufunga mdomo, na hoja yako nzuri inazikwa pamoja na mbaya.

Msoma_Hukumu:
La wagombea: katazo liko kwenye sheria ya kodi ya Marekani tangu 1954. Taasisi yenye msamaha wa kodi wa kifungu 501(c)(3), makanisa yakiwemo, haipaswi kumfanyia kampeni mgombea wala kumpinga. Kuzungumzia masuala, mimba, ndoa, shule, hakujawahi kukatazwa. Julai 2025 mamlaka ya kodi, IRS, ilikubaliana na waliokuwa wameishtaki huko Texas, na kwa pamoja wakamwomba jaji akubali kwamba mchungaji anayesema na waumini wake ndani ya ibada hajavunja katazo. Hayo ni makubaliano kati ya pande za kesi moja. Bunge halikufuta kifungu. Klipu inayosema "sheria imefutwa" imeruka hatua, na kuruka hatua ndiyo namna ya kawaida ya habari za Marekani kuharibika: muswada huitwa sheria, kamati huitwa Bunge, zuio la muda la jaji wa wilaya huitwa hukumu ya mwisho. Ukiandika kila habari, andika pembeni imefika hatua gani.

Kalamu_ya_Bati:
Basi niongeze moja, maana nimewasumbua. Ukikosea, sahihisha mwanzoni mwa kipindi kinachofuata, ndani ya dakika ya kwanza, kwa sentensi tatu: nilisema hivi, ukweli ni huu, na je, hoja yangu bado inasimama au imeanguka. Sentensi ya tatu ndiyo watu huikwepa. Lile faili la zamani usilifute kimyakimya, maana limeshapakuliwa na linaendelea kutumwa; rekodi upya kipande kilichokosewa, na kwenye jina la faili weka neno "limesahihishwa" na tarehe.