Tuliopiga picha kwa kamera ya mkanda na lenzi moja tu, Kigoma na Tabora, tupeane uzoefu

Mtoto wa Gungu:
Wakuu, habari za asubuhi. Jana nikipanga vitu vya marehemu baba mdogo nimeikuta Zenit yake, ile ya Mrusi, na lenzi ileile ya milimita 58. Nzito kama tofali. Nikavuta kimkono cha mkanda, nikafyatua: kacha! Nikarudi miaka ya tisini.

Baba mdogo alinikabidhi nikiwa kidato cha pili. Zumu hakuna, zumu ni miguu yako. Ukitaka uso wa mvuvi Kibirizi unashuka mchangani, unasalimia, unaulizwa wewe mtoto wa nani, ndipo unapiga. Ukitaka familia nzima chumbani unarudi nyuma hadi mgongo unagusa ukuta, na bado shangazi hajaingia. Kuna nyumba Ujiji niliipigia kutoka nje, kupitia dirishani, wao wamejipanga ndani nyuma ya nondo kama mahabusu.

Siku yangu mbaya ni ya Liemba. Meli inang'oa nanga kwenda Mpulungu, Zambia, nipo gatini, jua linashukia milima ya Kongo. Napiga tu. Mkanda ni wa picha 36. Nahesabu kichwani 36, 37, 38, nafurahi nimepewa bonasi. Kwenye ya 40 nikashtuka: kitufe cha kurudishia mkanda, kule kushoto, hakizunguki. Mkanda haukushika tangu asubuhi. Sikuambulia hata moja.

Chini ya Mwembe, Tabora:
Mkuu umenikumbusha aibu. Harusi yangu ya kwanza ya kulipwa, usiku, natumia flashi, na spidi ya pazia la kamera nimeisahau kwenye 60, yaani 1/60 ya sekunde. Zenit kwenye flashi inataka 30. Ukizidisha, pazia linakuwa halijafunguka lote, kipande cha picha kinatoka cheusi. Picha zikarudi kutoka kusafishwa: bibi harusi anang'aa, bwana harusi hayupo. Keki inakatwa na mkono mmoja! Bwana harusi akazipekua zote taratibu, akaniuliza, "Kijana, siku hiyo mimi nilisafiri?"

Pesa sikudai.

Mzee wa Stesheni:
Yangu Pentax K1000, lenzi ya 50. Betri ilikufa na kamera ikaendelea na kazi, maana betri yake ni ya kupimia mwanga tu. Jua kali, mkanda wa 100 (kipimo cha wepesi wake kwa mwanga): spidi 125, tundu la lenzi 16, umemaliza. Ukiingia kivulini unafungua hadi 4, maana namba ndogo ndiyo tundu kubwa. Watoto wa siku hizi ukiwaambia hivyo wanadhani unapiga ramli.

Mtoto wa Gungu:
Hahaha, "nilisafiri"! Mzee wa Stesheni, shikamoo.

Sasa nisaidieni. Baada ya kuandika habari ya kile kitufe nimekwenda kuivuta tena hii Zenit, polepole. Kitufe kimezunguka. Kuna mkanda ndani, namba inasoma 22. Sijafungua mgongo. Baba mdogo alifariki 2003. Nani anajua wanaposafisha bado?